Acha Kuhesabu Safu: Chukua Majibu ya Hifadhidata kama Obijekti

  Leo nataka tuzungumzie jambo ambalo waandishi wengi wa programu wanaliona dogo, lakini mimi liliwahi kunitia aibu mbele ya watu wazima. Ni kuhusu namna tunavyochukua majibu kutoka kwenye hifadhidata tunapoandika kwa lugha ya PHP. Msimamo wangu nautaja mapema ili usiutafute: jibu la hifadhidata lichukuliwe kama obijekti, tena obijekti ya klasi uliyoiandika mwenyewe, wala si kama orodha ya namba 0, 1, 2, 3.

Kama wewe si mwandishi wa programu, usiondoke. Nitaeleza polepole, na kisa chenyewe kinahusu maziwa na pesa, mambo ambayo kila mtu anayaelewa.

Kisa cha maziwa

Mwaka 2009 niliombwa na kikundi kimoja cha wafugaji upande wa Nyamira niwatengenezee programu ndogo ya malipo. Wafugaji walileta maziwa kituoni kila siku, karani akaandika lita, na mwisho wa mwezi kila mwanachama alilipwa lita zake mara bei, ukitoa makato ya chakula cha mifugo na dawa alizochukua kwa mkopo. Bei wakati huo ilikuwa shilingi 20 kwa lita. Ni kazi rahisi. Nilitengeneza jedwali moja lenye safu tano kwa mpangilio huu: namba, jina, kituo, lita, makato. Kisha nikaandika hivi, kama nilivyokuwa nimefundishwa:

$jibu = mysql_query("SELECT * FROM wanachama");
while ($r = mysql_fetch_row($jibu)) {
    $malipo = $r[3] * 20 - $r[4];
}

PHP huanza kuhesabu kutoka sifuri, kwa hiyo $r[3] ni safu ya nne, yaani lita, na $r[4] ni safu ya tano, yaani makato. Programu ilifanya kazi miezi minne bila tatizo. Mimi nikajiona fundi.

Mwezi wa tano mwenyekiti aliniambia kuwa wanachama wangependa kuona lita za mwezi uliopita kando ya za mwezi huu, ili kila mtu ajue kama ng'ombe wake wanapanda au wanashuka. Nikafungua phpMyAdmin, nikaongeza safu mpya inayoitwa lita_nyuma. Kwa kupenda mambo yakae vizuri, niliiweka baada ya kituo, kabla ya lita. Nikafunga tarakilishi, nikapanda matatu kurudi Kisii.

Wewe unayeandika programu umeshaona kilichotokea. Safu zote zilizofuata zilisogea hatua moja. $r[3] haikuwa tena lita za mwezi huu, bali lita za mwezi uliopita. $r[4] haikuwa tena makato, bali lita za mwezi huu, nazo zikakatwa kama shilingi. Hakuna onyo lililotoka wala kosa lolote kwenye kioo, na karatasi za malipo zilichapishwa safi kabisa.

Siku ya malipo alikuja mama mmoja mzee, wale ambao sisi huku tunawaita omong'ina kwa heshima. Mwezi huo alikuwa ameleta lita 212, na alidaiwa shilingi 1,100. Alipaswa kupata 4,240 kutoa 1,100, yaani shilingi 3,140. Karatasi yake ilisema 2,148. Kwa nini? Kwa sababu mwezi uliotangulia ng'ombe wake mmoja alikuwa bado hajazaa, na alileta lita 118 tu. Programu ilichukua 118 mara 20, ikapata 2,360, ikatoa 212. Mama alipungukiwa shilingi 992, karibu lita hamsini za maziwa.

Katibu alimjibu kwa upole, "Mama, kompyuta haidanganyi."

Yule mama hakubishana. Alifungua mkoba akatoa daftari la shule, lile la mistari, akaliweka mezani. Kila ukurasa ulikuwa na maneno juu: tarehe, asubuhi, jioni, jumla. Kila namba ilikuwa chini ya jina lake. Akasema, "Mwanangu, mimi sijui kompyuta. Lakini hapa nimeandika kila lita na siku yake."

Nilipigiwa simu, nikaja kesho yake, na nilihitaji dakika kumi tu kuona kosa. Kumwomba mama msamaha na kumlipa 992 zake hakukuchukua muda. Kazi ngumu ilikuwa kwa wale waliolipwa zaidi. Mzee mmoja alikuwa ameleta lita 240 mwezi uliopita na 95 mwezi huo, akiwa na deni la 1,500. Alitakiwa kupata shilingi 400, akapata 4,705. Pesa hizo alikuwa ameshazitumia, na hakuwa ameiba. Kikundi kilimkata kidogo kidogo kwa miezi mingi, na nina hakika kila mwezi alilikumbuka jina langu.

Nafasi na jina

Nimetafakari kisa hicho mara nyingi. Ukitaka kulielewa tatizo bila kompyuta, nenda soko la Daraja Mbili hapa Kisii siku ya soko. Mwambie mbeba mizigo, "Niletee gunia la nne kutoka kushoto." Akifika akute mtu ameongeza gunia moja pale katikati, atakuletea mzigo wa mtu mwingine, na atakuwa ametii amri yako sawasawa. Lakini ukimwambia, "Niletee gunia lililoandikwa jina langu," hata wakiyapanga upya mara kumi atalipata lilelile.

$r[3] ni gunia la nne kutoka kushoto. $m->lita ni gunia lenye jina. Daftari la yule mama lilikuwa na majina. Programu yangu, pamoja na umeme wake wote, haikuwa nayo.

PHP inatupa njia kadhaa za kuchukua mstari mmoja wa jibu. Kwa kutumia mysqli, ziko nne ambazo utakutana nazo kila mara:

- fetch_row hukupa orodha ya namba tupu. Ndiyo iliyoniponza, ikiwa katika umbo lake la zamani.
- fetch_assoc hukupa orodha yenye majina: $r['lita'].
- fetch_array, usipoielekeza vingine, hukupa vyote viwili kwa pamoja, kila thamani mara mbili, kwa namba na kwa jina.
- fetch_object hukupa obijekti: $m->lita.

Ile familia ya zamani ya mysql_query na ndugu zake ilitangazwa kuwa imepitwa na wakati katika PHP 5.5 mwaka 2013, na ikaondolewa kabisa katika PHP 7.0 mnamo Desemba 2015. Kama programu yako bado inaitumia, maana yake uko kwenye PHP iliyoachwa kutunzwa zamani, na hilo ni tatizo kubwa kuliko ninalolizungumzia leo. Hamia mysqli au PDO. PDO imekuja pamoja na PHP tangu toleo 5.1 la mwaka 2005, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema ni kitu kigeni.

"Lakini fetch_assoc inatosha"

Hapa ndipo wenzangu wengi hunipinga, na wana sehemu ya ukweli. Orodha yenye majina ingemwokoa yule mama. Kama ningeandika $r['lita'] badala ya $r[3], safu mpya isingebadilisha chochote. Kwa hiyo kama leo unatumia namba, na utafanya jambo moja tu baada ya kusoma makala hii, basi hamia kwenye majina, hata yawe ya orodha. Nitashukuru.

Lakini mimi nakwenda hatua moja mbele, kwa sababu jina peke yake halitoshi. Angalia msimbo huu, ambao ndio ningeuandika leo kwa kikundi kilekile:

class Mwanachama {
    public int $namba;
    public string $jina;
    public string $kituo;
    public int $lita;
    public int $makato;

    public function malipo(int $bei): int {
        return $this->lita * $bei - $this->makato;
    }
}

$s = $db->prepare("SELECT namba, jina, kituo, lita, makato
                   FROM wanachama WHERE kituo = ?");
$s->bind_param("s", $kituo);
$s->execute();
$jibu = $s->get_result();

while ($m = $jibu->fetch_object('Mwanachama')) {
    echo $m->jina . ": " . $m->malipo(20) . "\n";
}

Tazama jina la klasi ndani ya fetch_object. PHP inachukua kila mstari wa jedwali na kuujaza kwenye Mwanachama mmoja. Faida ninazoziona ni tatu.

Ya kwanza, hesabu ya malipo iko mahali pamoja. Katika programu yangu ya zamani, lita mara bei kutoa makato niliiandika sehemu tatu: kwenye karatasi ya mwanachama, kwenye ripoti ya mwenyekiti, na kwenye orodha ya benki. Nilipogundua kosa nikasahihisha mbili, nikasahau ya tatu. Leo mwanachama mwenyewe anajua malipo yake. Ukiuliza popote, jibu ni moja.

Ya pili, aina za data. Tangu PHP 7.4 ya mwaka 2019 tunaweza kutamka kwamba lita ni namba kamili. Kama safu ya lita ni tupu, yaani NULL, kwa sababu karani alisahau kuijaza, PHP itakataa na kusimama hapohapo. Bila kutamka hivyo, NULL mara 20 ni sifuri, na mfugaji atapewa karatasi ya sifuri huku programu ikitabasamu. Kati ya programu inayosimama na kulalamika na ile inayolipa watu vibaya kimyakimya, mimi nachagua ya kwanza siku zote.

Ya tatu, tangu PHP 8.2 ya Desemba 2022, safu ambayo hukuitamka kwenye klasi ikiletwa na hifadhidata, PHP inatoa onyo kwamba sifa hiyo haijatangazwa. Fikiria hilo kwa kisa changu. Nilipoongeza lita_nyuma, na kama ningekuwa natumia SELECT yenye nyota, malipo yangebaki sahihi na pia ningeonywa kwamba kuna kitu kipya kwenye jedwali. Orodha, iwe ya namba au ya majina, haikuambii hivyo.

Msemo wa wahenga ni kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Klasi ya mistari kumi ni kuziba ufa. Kumkata mzee pesa zake miezi mingi ndiko kujenga ukuta.

Mahali pa kuwa mwangalifu

Sipendi makala zinazosifu kitu bila kutaja meno yake, kwa hiyo nitayataja.

Jino la kwanza ni majina yanayofanana. Sisi Abagusii tunalijua hili tangu utotoni. Kwa Kiswahili baba ni mzazi wa kiume. Kwa Ekegusii, baba ni mama, na mzazi wa kiume ni tata. Mtoto aliyekulia nyumba yenye lugha zote mbili hujifunza mapema kuuliza, "Baba wa lugha gani?" Hifadhidata haiulizi. Ukiunganisha jedwali la wanachama na jedwali la vituo, na yote mawili yana safu inayoitwa jina, obijekti yako itakuwa na jina moja tu, na litakaloshinda ni lile lililokuja mwisho. Utashangaa kuona wafugaji wote wa kituo kimoja wanaitwa jina la kituo chao. Hata fetch_assoc ina ugonjwa huohuo. Dawa ni kulipa kila jina lake ndani ya swali lenyewe:

SELECT w.namba, w.jina, w.lita, k.jina AS jina_la_kituo
FROM wanachama w JOIN vituo k ON k.namba = w.kituo

Kisha ongeza sifa ya jina_la_kituo kwenye klasi yako.

Jino la pili ni kijenzi, ile __construct. Unapotumia fetch_object na klasi yako, PHP hujaza sifa kwanza, kisha ndipo inaita kijenzi. Wengi wanadhani ni kinyume. Kama kijenzi chako kinaweka lita kuwa sifuri kwa kuanzia, kitafuta lita zilizotoka kwenye hifadhidata. Kwenye PDO unaweza kugeuza mpangilio kwa kuongeza PDO::FETCH_PROPS_LATE kando ya PDO::FETCH_CLASS. Mimi huepuka taabu hiyo kwa kutoweka kijenzi chochote kwenye klasi za namna hii.

Jino la tatu ni uvivu. Mtu akishaonja obijekti anataka kila kitu kiwe obijekti. Mwenyekiti akiuliza jumla ya lita za mwezi, usilete wanachama wote kwenye PHP uanze kuwajumlisha mmoja mmoja. Hifadhidata inajua kujumlisha. Andika SELECT SUM(lita), upate namba moja, umalize.

La nne, obijekti si kinga ya wezi. Kama unaunganisha maneno ya mtumiaji moja kwa moja kwenye swali lako la SQL, hata fetch_object haitakusaidia. Ndiyo maana hapo juu nimetumia prepare na alama ya kuuliza. Hayo ni mambo mawili tofauti, na yote mawili yanahitajika.

"Ni nzito, itachelewesha seva"

Hoja hii naisikia sana kwa vijana wanaotumia seva za bei nafuu. Hapo zamani ilikuwa na uzito wake. Tangu PHP 7, obijekti ya klasi yenye sifa zilizotangazwa hutumia kumbukumbu kidogo kuliko orodha yenye majina yaleyale, kwa sababu majina yanahifadhiwa mara moja kwenye klasi badala ya kubebwa na kila mstari. Obijekti tupu ya stdClass, ile unayopata usipotaja klasi, haina faida hiyo. Hiyo nayo ni sababu nyingine ya kuandika klasi yako.

Na kwa kweli, tuwe wakweli kuhusu ukubwa wa kazi zetu. Kikundi cha wafugaji 300, shule yenye wanafunzi 600, duka la vipuri pale Suneka. Programu za namna hiyo hazicheleweshwi na obijekti. Zinacheleweshwa na swali la SQL lililoandikwa vibaya, jedwali lisilo na faharasa, na mtandao unaokatika mvua ikinyesha alasiri.

Kama bado una shaka, tazama waliotutangulia. WordPress, ambayo imekuwepo tangu 2003, inakupa majibu ya hifadhidata kama obijekti usipoomba umbo lingine: ukiita get_results bila kusema lolote, utapata obijekti. Laravel, iliyotoka mwaka 2011, imejengwa juu ya wazo hilohilo kupitia Eloquent. Kwa hiyo mtu anayeniambia "mimi natumia Laravel, makala hii hainihusu," namjibu kwamba tayari anafanya ninachohubiri, ila hajui kwa nini. Na siku atakapokabidhiwa programu ya zamani ya PHP tupu, na hapa kwetu siku hiyo huja, ni vizuri ajue.

Neno la mwisho

Kuna sentensi moja katika kisa changu ambayo bado inanisumbua kuliko lile kosa la safu. Ni ile ya katibu: kompyuta haidanganyi. Alisema kweli jinsi alivyojua. Kompyuta ilisoma safu ya nne kama nilivyoiambia. Aliyedanganya ni mimi, nilipoandika 3 mahali ambapo nilimaanisha lita.

Watu wetu wanaiamini karatasi iliyochapishwa kuliko wanavyojiamini wenyewe. Wangapi siku ile walipokea pungufu, wakatazama karatasi safi yenye nembo, wakakunja wakaenda nyumbani? Sio kila mtu ana daftari, na mwenye daftari naye si kila siku ana ujasiri wa kulifungua mbele ya katibu. Ndiyo maana nasema kuchagua kati ya $r[3] na $m->lita si suala la mtindo wala la kuonyeshana ujuzi. Unachoandika leo usiku, mtu atalipwa nacho mwisho wa mwezi.

Kwa hiyo ndugu msomaji, nakupa kazi ya wiki hii. Fungua programu yako ya zamani kuliko zote ambayo bado inatumika. Tafuta kila mahali ulipoandika mabano ya mraba yenye namba ndani yake baada ya kusoma hifadhidata. Chagua pale panapogusa pesa, pabadilishe kwanza, kisha linganisha majibu na daftari la mtu halisi, si data uliyoitunga mwenyewe. Ukikwama, niandikie hapo chini kwenye maoni, nitajibu kadiri nitakavyoweza.

Yule omong'ina aliendelea kuleta maziwa, na daftari lake aliendelea kulijaza. Nilimwambia programu sasa imetengenezwa vizuri, hana haja ya kuandika tena. Alicheka tu, akasema, "Andika yako, na mimi niandike yangu."

Tukutane wakati mwingine.